Jani la Nyapara

Katika miaka ya hamsini niliajiriwa mara tatu Tanga na pwani yake, na mara zote kazi ilikuwa ile ile: kuhesabu vitu kwa niaba ya watu waliokwisha kuvihesabu kichwani. Kwanza mbu, kisha mkonge, mwisho magunia bandarini. Tangu hapo nimeishi miji mingi. Nimevuka miaka arobaini na bado sijapata mahali pa kukaa nikapazoea. Nikiwa peke yangu, mji unaonijia ni Tanga, na mtu anayenijia ni shemeji yangu, mume wa dada, mkata mkonge.

Mbu walikuwa upande wa kusini, karibu na Ushongo. Daktari mmoja Mzungu alikuwa na kanuni yake: kuta zikipigwa dawa kwa kiasi fulani, baada ya muda fulani mbu watapungua kwa kiasi fulani. Sisi vijana wa darasa la kumi tulitandaza shuka nyeupe sakafuni, na asubuhi tukaokota mbu waliokufa. Hesabu haikulingana na kanuni. Watu wa kule walikaa barazani kuzungumza mpaka baridi iwaingize ndani, na mbu waliwauma huko huko nje, wakashiba, wasiwe na haja na nyumba. Daktari alizitazama hesabu zetu, akafuta ubao kwa kiganja cha mkono, akasema tuanze upya. Niliondoka nikiamini kwamba sayansi ndiyo hiyo: mtu anasema jambo, dunia inamkatalia, naye anakubali. Sikujua kwamba daktari alifuta kwa wepesi kwa sababu mbu hana meneja.

Shamba la mkonge lilikuwa nje kidogo ya mji. Mtafiti niliyemkuta pale, naye Mzungu, hakupima mmea, alipima watu. Alikuja na kanuni iliyotungwa kwa wachimba makaa wa kwao. Ukijua chakula anachokula mtu, na joto la mahali anapofanya kazi, unaweza kukadiria kazi ambayo mwili wake utatoa kwa siku. Imekubali chini ya ardhi, alisema. Sasa tuone kama itakubali kwenye mkonge, halafu bandarini. Alisema Kiswahili safi, na wazee aliwaamkia shikamoo. Sikumsikia hata siku moja akimpigia mtu kelele, na kwa sababu hiyo hasira yangu mpaka leo haina mahali pa kushika.

Mkata mkonge alipewa idadi ya matita ya siku. Tita ni majani thelathini yaliyofungwa pamoja. Ukimaliza, kipande chako, ile kadi ya kazi, kinatiwa alama na siku inayobaki ni yako. Usipomaliza, siku nzima haihesabiwi, hata kama umebakiza tita moja.

Shemeji alikuwa Mnyamwezi. Aliletwa pwani kama manamba, mkataba ukaisha, akabaki kwa ajili ya dada yangu. Alikuwa na mkono mwepesi. Saa saba mchana alikuwa amekwisha kumaliza, amejiosha utomvu unaowasha, yuko juu ya baiskeli anakwenda Nguvumali. Huko alikuwa amepata kiwanja, na miti ya nyumba ilikuwa imesimama tayari, bado fito na udongo. Dada alikuwa amechoka na chumba cha kambini, ambako jirani akikohoa unamwitikia pole ukiwa kitandani mwako. Alikwisha kumwambia mumewe kwamba mtoto wa tatu hatamzalia mle. Kwa hiyo watu wawili hawa walikuwa na kitu kimoja tu cha kujengea, nacho ni ule mchana wa shemeji.

Siku ya kwanza aliponiona na mizani hakuniacha. Watu wa pwani na Wanyamwezi ni watani, na yeye utani hakuupumzisha hata kwenye msiba.

"Mtani," aliniita mbele ya wenzake, "baba yako amekupeleka shule uje kuhesabu majani? Mbuzi wenu anayahesabu bure."

Nikamjibu kwamba mbuzi wetu angalau anajua kusoma kipande chake. Walicheka wote, tukaanza kazi.

Hapo ndipo nilipoliona jani la nyapara. Manamba mgeni alifundishwa jambo hili kabla ya kufundishwa kunoa panga. Tita likishafungwa, unachomeka jani jingine juu, na kwa nyapara mkali unachomeka mawili au matatu. Nyapara alihesabu kwa haraka, na akikosea alikosea kwa kupunguza. Tita likionekana pungufu, lilirushwa kando na siku ikapotea. Jani lile halikuhesabiwa na mtu, lakini lisipokuwapo, kutokuwapo kwake kulihesabiwa. Wakataji walikuwa wamelizoea kiasi kwamba mkono uliliongeza wenyewe, kama mwuza samaki wa Ngamiani anavyokutupia dagaa wa nyongeza kabla hujaomba.

Kwa jaribio lile walichaguliwa wanaume wenye afya, shemeji miongoni mwao. Posho yao ilipimwa, wakaambiwa wakate kuanzia mapambazuko mpaka jioni, kadiri wawezavyo. Mimi nilipima matita kwa ratili. Mstari wa kanuni ulikuwa umechorwa kwenye karatasi kabla hatujaanza, na kila jioni mtafiti aliweka nukta ya siku hiyo. Nukta zilikaa juu ya mstari kama ndege juu ya waya wa simu. Alifurahi sana, akatununulia soda.

Kisha akachukua uzito wa siku, akaugawa kwa uzito wa tita la majani thelathini, akapata idadi mpya ya matita ambayo mtu mwenye afya anaweza kukata. Meneja alikuwa anaisubiri aifanye idadi ya siku kwa wakataji wote. Nilipoiona idadi ile nilikwenda kumwona mtafiti ofisini.

"Matita niliyopima yalikuwa na majani zaidi ya thelathini, bwana," nilimwambia. "Ukigawa kwa thelathini unawapa matita ambayo hata mmoja wao hakuyakata."

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Uzito ni uzito," alisema. "Kanuni ilitabiri uzito, na uzito umepatikana. Mambo ya nyapara hayamo kwenye jaribio."

Nakiri alimfikishia meneja. Ilitoka amri kwamba tita liwe na majani thelathini kamili, lisizidi, na nyapara ndiye aliyeitangaza. Wakataji waliitii siku chache. Halafu nyapara akaanza kuona pungufu hapa, pungufu pale, siku za watu zikapotea, na jani likarudi bila mtu kuliita. Sasa waliliongeza kwenye matita mengi zaidi.

Shemeji alianza kurudi jua likiwa linazama. Niliwatembelea, akaniuliza kama kweli nilisema. Nikamwambia nilisema, nikamweleza nilivyojibiwa. Alikuna mikono kwa muda mrefu.

"Uzito ni uzito," alisema. "Na mchana wangu, mtani, uliupima? Ulikuwa ratili ngapi?"

Dada aliinuka kwenda kuchochea moto uliokuwa ukiwaka vizuri.

Mtafiti aliponitaka niende naye bandarini sikutaka. Shemeji ndiye aliyenisukuma. Nikikataa, alisema, atachukuliwa mwingine asiyejua hata kama lipo jani. Basi nilikwenda. Wapagazi wa matishali, yale mashua ya kupakulia meli, walikuwa watu wa mjini, wana vyama vyao vya ngoma na midomo yao. Jua likichoma walikaa kivulini. Walipoambiwa wapande kwenye mizani waliiimbia mizani wimbo ambao siwezi kuuandika hapa. Nukta zilianguka chini ya mstari, siku baada ya siku, mbali kabisa, na mimi niliziweka kwa furaha niliyoificha. Nilidhani sasa kanuni imekwisha, na ikishakwisha bandarini haiwezi kubaki hai shambani.

Mtafiti aliandika taarifa yake, nami niliipiga taipu. Iliposema habari za shamba, kanuni ilikuwa imethibitishwa. Iliposema habari za bandari, wapagazi walikuwa hawajitumi, na kanuni ingefaa kwao wakipata usimamizi mzuri. Niliipiga mpaka nukta ya mwisho, nikarudisha ufunguo wa ofisi, sikurudi tena.

Nilikwenda kambini kumweleza shemeji. Alikuwa amekaa kizingitini, mikono imevimba, chakula kiko mbele yake hajakigusa.

"Kwa hiyo bandarini imeshindwa," alisema.

"Imeshindwa."

"Basi kwetu wataturudishia idadi ya zamani?"

Nikamwambia hapana. Hakunitania. Aliniuliza kama namjua mtu yeyote anayejenga, kwa sababu miti yake ya Nguvumali ilikuwa inaliwa na mchwa, na afadhali mtu aitumie. Alikuwapo mmoja, jirani wa kiwanja, aliyetaka kuongeza jiko. Tuliing'oa pamoja, dada akiwa amesimama kando amembeba mtoto mgongoni. Tuliing'oa Jumapili, maana siku nyingine shemeji hakuwa tena na mchana.