Mumlishe au Msimlishe

Naikumbuka mpaka leo, mwanangu, asubuhi niliyokaribia kumuua baba yangu kwa kikombe cha uji. Usinitazame hivyo. Nilimpa kwa mapenzi, tena niliupoza kwanza, asije akaungua ulimi.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba alikuwa mkulima wa mananasi kule Kiwangwa, na ugonjwa wa ngiri ulikuwa umemtesa hadi jembe hawezi kuliinua. Nikampeleka hospitali Bagamoyo, akalazwa, tukaambiwa atapasuliwa kesho yake. Mama alibaki na wadogo zangu, mimi nikawa muuguzaji.

Asubuhi hiyo baba alikuwa amesinzia. Nesi akapita haraka na sinia lake la dawa, akasema bila kusimama, "Mzee wenu msimlishe asubuhi hii." Nikaitikia, haya dada.

Mimi nilisikia mumlishe. Wallahi ndivyo nilivyosikia. Maneno yetu ndivyo yalivyo: kulisha ni kulisha, lakini kile kisilabi kidogo cha mbele ndicho kinachoamua kama umeagizwa au umekatazwa. Na kichwa cha mtu hakina subira. Nilishajua kwamba mgonjwa hulishwa. Tangu nizaliwe sikuwahi kuona mgonjwa akinyimwa uji. Basi nilipoidaka "lishe" ya mwisho, mwanzo wa neno nikaujazia mwenyewe. Nikamwamsha baba, akanywa kikombe kizima, akanishukuru.

Haukupita muda nesi akarudi na kitanda cha magurudumu pamoja na mwenzake. Akamuuliza baba kama ametia kitu mdomoni.

Baba akajibu hapana.

Nesi akasema afadhali, maana mtu aliyekula akitiwa usingizi, chakula kinaweza kumpanda na kumwingia mapafuni, akafia mezani. Wakati wanamhamisha, baba akanivuta karibu na kuninong'oneza, "Nyamaza. Nikirudishwa leo, mimi hapa sirudi tena."

Niliogopa, mwanangu. Nilimwogopa nesi, nikaogopa kumuumbua mzazi wangu mbele ya watu, maana sikuwahi kumpinga hata kwa jicho. Kitanda kikaanza kwenda. Nikawa nayatazama yale magurudumu tu. Walikuwa wameshafika mlangoni ndipo sauti iliponitoka: "Amekula, dada. Nimemlisha mimi."

Nesi akasimama. Nilingoja matusi, lakini alinisogelea akasema taratibu, "Nilikwambia msimlishe. Wewe ukasikia ulichokuwa unakitaka. Ungenyamaza, ungerudi Kiwangwa na maiti."

Baba alipasuliwa siku iliyofuata. Muda wote huo alikuwa amegeukia ukutani, na mimi nilikaa pale pale kando ya kitanda. Alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa kuomba uji. Nilimfuata nesi nikamuuliza mara tatu, nimlishe au nisimlishe? Yeye alicheka. Mimi sikucheka.

Basi shika haya. Ukiagizwa jambo, lisikilize neno lote, kisha lirudie mbele ya aliyekuagiza, hata akikuona mzito wa kuelewa. Lile linalokuingia akilini kwa wepesi, kwa kuwa ulishalitarajia, ndilo ulitilie shaka zaidi. Na ukikosea, sema upesi, hata kama mkubwa wako amekukonyeza unyamaze.

Nakusimulia leo kwa sababu Jumatatu napasuliwa mimi, na wewe ndiye utakayekaa kando ya kitanda na hiyo simu yako mkononi. Sikufichi, naogopa. Kisu nakiogopa kidogo; kinachoninyima usingizi ni neno utakaloambiwa kwa haraka ukalisikia nusu. Pengine nami, kwa njaa na uzee, nitakukonyeza unyamaze. Usinitii.

Mwenyezi Mungu akupe sikio tulivu na ulimi usioona haya kuuliza, akulinde na majuto niliyoyakwepa mimi kwa hatua chache za mlangoni, na Jumatatu ikipita akurudishe nyumbani, mwanangu, ukiwa umenishika mkono.