Siku Tuliyowabebea Wazimbabwe Bango

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo huikumbuka kila nikisikia mtu anasema, "Hayo si yetu." Nilikuwa kibarua katika kiwanda cha kubangua korosho hapa Masasi. Shule niliiacha mapema, baada ya wazazi wetu kufariki kule Kitangari, maana mimi ndiye mkubwa na wadogo zangu watatu walinitazama mimi.

Mwenyekiti wa tawi letu la chama cha wafanyakazi alikuwa Mama Salumu, mbanguaji kama sisi, mikono imeungua kwa mafuta ya maganda. Alirudi kutoka mkutano wa vyama Mtwara, alikokaa benchi moja na mama wa Zimbabwe. Nchi yao ilikuwa imewekewa vikwazo vya uchumi na mataifa makubwa. Kiwanda cha yule mama kilikosa vipuri, benki za nje zikakataa kupitisha malipo, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Vyama vikakubaliana kila tawi litembee na bango kudai vikwazo viondolewe. Sisi tulipanga Jumamosi, baada ya kazi, hadi stendi.

Msimamizi akasikia. "Atakayebeba bango Jumamosi," akasema, "Jumatatu asije."

Tukakutana nyuma ya ghala. Bakari mpakiaji, ambaye hakosi utani, akauliza, "Mama Salumu, hao Wazimbabwe korosho zetu wamewahi kuzionja?"

"Wewe unazionja kila siku kutoka mfukoni mwako, umetusaidia nini?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. "Mama, nina wadogo watatu. Na nasikia viongozi wao wenyewe wamekosea."

Hakupandisha sauti. "Somoe, mama yako alipofariki, nani alileta maji msibani?"

"Majirani, mama."

Kule kwetu Kitangari, juu mlimani, maji hupandishwa kichwani kutoka bondeni, na anayekuja msibani huja na ndoo yake.

"Waliuliza kwanza mama yako aligombana na nani?"

"Hapana."

"Basi."

Jumamosi nilishika bango upande wa kushoto. Sisemi sikuogopa. Jumatatu tulifika getini wote kwa pamoja, hata Bakari. Msimamizi akatutazama, akayatazama magunia yaliyorundikana, akafungua. Lakini akamhamishia Mama Salumu kwenye tanuri la kukaangia, penye moshi mkali. Hatukubishana na msimamizi. Tukawa tunakwenda kumpokea Mama Salumu kazi hiyo kwa zamu, kila mmoja akiacha meza yake, mpaka msimamizi akachoka, akamrudisha kwenye kubangua.

Vikwazo havikuondoka kwa bango letu, sikudanganyi. Ila chama cha yule mama kilituma salamu kwamba wamesikia, na wamesomeana habari zetu mkutanini.

Mwanangu, kidole kimoja hakivunji chawa. Ukipata kazi, jiunge na chama. Mfanyakazi mwenzako akinyimwa riziki kwa ugomvi wa wakubwa, awe Newala au ng'ambo ya mipaka, usianze kumpima kama anastahili. Mtetee. Na aliyetangulia mbele kwa ajili yenu msimwache aadhibiwe peke yake. Hapo ndipo wengi huuacha umoja njiani.

Mungu akupe riziki ya halali, akupe wenzako wasiokukimbia, na wewe asikuweke miongoni mwa wanaokimbia. Amina.