Dereva Aliyemuuguza Karani

Miaka thelathini na mbili aliendesha malori ya mizigo, na barabara ndiyo iliyompa jina la Masafa. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye leseni tu. Alipostaafu alirudi nyumbani kwa mkewe, karani wa shule ya sekondari, mwanamke ambaye faili likipotea mwalimu mkuu humwita yeye kabla ya kufungua kabati. Masafa mwenyewe alimwita Karani, mbele za watu na chumbani pia.

Siku moja Karani alikuwa akipiga pasi gauni lake la kazini, mkono wa kulia ukalegea, pasi ikaanguka. Alitaka kusema kitu, maneno yakatoka kama mtu mwenye uji mdomoni. Kiharusi, upande wote wa kulia. Walikaa hospitali wiki mbili, kisha wakaruhusiwa na mfuko wa dawa na maneno matatu: mpeni mazoezi nyumbani.

Mazoezi gani, hakuna aliyefafanua. Masafa hakuuliza, maana tangu lini dereva wa masafa marefu akauliza njia?

Akajifunga kibwebwe. Alipika, alifua, aliosha, alilisha, alibadilisha shuka. Shemeji yake, mdogo wake Karani, mshonaji anayekaa mtaa wa pili, alikuja na kapu la mboga akitaka kusaidia.

"Shem, acha nimwogeshe dada leo, wewe pumzika."

"Nipumzike nimefanya nini? Nimezoea kukesha na usukani mimi."

Shemeji akaondoka shingo upande. Hivyo hivyo alirudishwa jirani, hata mwalimu mkuu aliyekuja na walimu wawili. Masafa aliwapa vinywaji, akawachekesha, akawasindikiza hadi barabarani. Akifunga mlango anakuta ndoo zinamsubiri.

Mwezi wa pili wa kuuguza ulipoingia, suruali zilikuwa zinamvuka kwa kukonda. Asubuhi moja alimkumbatia Karani kwapani amnyanyue kitandani, kama alivyozoea kunyanyua magunia, mgongo ukalia kwaa! Akamrudisha mkewe kwenye godoro pole pole, yeye akaishia sakafuni, anaangalia dari. Wakawa wawili waliolala. Karani, juu kule, akaanza kutikisika. Masafa alidhani analia. Kumbe anacheka! Alikuwa hajacheka tangu pasi ile ianguke, na Masafa pale sakafuni naye akacheka hadi mgongo ukamkataza.

Ikabidi shemeji aitwe. Hakusema "nilikwambia", ingawa ilimkaa usoni wazi. Kesho yake alikuja na dada mmoja mwembamba kutoka zahanati, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye ukimtazama hungemdhania uwezo wa kubeba hata mtungi.

"Nionyeshe unavyomnyanyua," yule dada alisema.

Masafa akaonyesha kwa mikono, mgongo ukiwa bado umefungwa kitambaa.

"Baba, huo ni mzigo wa lori. Huyu ni mtu, ana mguu mmoja mzima na akili zake timamu. Umewahi kumwambia asimame?"

Masafa akamgeukia Karani kitandani.

Dada akamsogeza Karani ukingoni mwa kitanda, akahakikisha nyayo zote mbili zimegusa sakafu. Akamfunga mkanda mpana kiunoni, akazuia goti dhaifu kwa goti lake mwenyewe, akachuchumaa kidogo mgongo umenyooka. "Mama, nikifika tatu tunasimama wote. Mguu wako mzima usukume. Moja, mbili, tatu." Karani akasimama. Hakusimama kama zamani, lakini alisimama, macho yake yakatazamana na ya mumewe kwa urefu ule ule wa siku zote. Masafa akageukia dirishani kama mtu anayetazama hali ya hewa.

Siku hiyo alifundishwa mengi. Nguo ivalishwe kwanza mkono uliolegea. Kiti cha plastiki kiwekwe bafuni, mtu aoge amekaa. Chakula kiwe laini, kidevu kiinamishwe wakati wa kumeza. Kisha dada akamwambia aandike kila anachofanya tangu asubuhi hadi anapolala. Karatasi ikajaa pande zote mbili.

"Sasa pigia mstari yale ambayo lazima uyafanye wewe."

Alipigia mstari manne tu.

Basi, yale mengine yakagawanywa. Shemeji akachukua kuogesha siku tatu kwa wiki. Jirani akachukua kwenda sokoni. Walimu wakapeana zamu ya Jumamosi, wakawa wanakuja na madaftari yao, wanasahihisha huku wakimpa Karani umbea wa shule. Masafa akapata saa mbili za kwenda kunyolewa na kukaa na madereva wenzake. Mara ya kwanza alikaa dakika ishirini, akarudi mbio. Akakuta hakuna aliyemuulizia.

Kilichobaki ni kiti cha magurudumu. Dada wa zahanati alimwelekeza ofisi ya ustawi wa jamii. Akaenda na barua ya daktari, akaiacha, akaambiwa njoo wiki ijayo. Akaenda tena, afisa hayupo. Mara ya tatu akaambiwa barua ya daktari haionekani. Alirudi nyumbani anafoka, anatembea huku na huku chumbani.

"Nimewapa mkononi! Mkononi kabisa! Barua gani inapotea ndani ya bahasha?"

Karani, ambaye kwa miezi mitatu alikuwa akijibu kwa kichwa na kwa mkono wa kushoto, akakunja uso, akavuta pumzi.

"Nakala," alisema.

Masafa akasimama kama aliyegonga ukuta. "Umesema nini?"

"Na-ka-la. U... ulitoa?"

Hakuwa ametoa nakala. Miezi mitatu anangoja aitwe jina lake, anaitiwa nakala! Alilalamika hivyo, machozi yanamtiririka, naye Karani akamwashiria kwa kidole: kalamu, karatasi. Neno moja moja, jasho likimtoka, akamwongoza. Barua mpya ya daktari. Nakala mbili. Muhuri wa mapokezi kwenye nakala inayobaki kwako. Jina la aliyepokea, na tarehe.

Masafa akarudi ofisini na nakala zake. "Naomba muhuri hapa, mwanangu, na jina lako hapa." Kijana wa mapokezi akamtazama, akagonga muhuri. Baada ya wiki tatu kiti kikaja.

Tangu hapo mambo yakageuka. Karani hakukubali tena kufanyiwa yote. Masafa akinyoosha mkono amfungie vifungo, anaambiwa "niachie," na anaachia, japo kifungo kimoja humla Karani dakika tano nzima. Miezi minane baadaye Karani alitembea kwa mkongojo kutoka chumbani hadi mlango wa mbele, akaketi barazani, akawasalimu wapita njia mmoja mmoja.

Zahanati ina chumba ambacho kila Alhamisi mchana hukutana watu wanaouguza jamaa zao. Masafa alipoanza kwenda alikuwa mwanamume pekee. Sasa ndiye anayefundisha kunyanyua, mkanda begani, na Karani ameketi mezani na daftari: nani anahitaji godoro la mgonjwa, fomu ya nani imekwama wapi, nani amepewa muhuri.

Alhamisi iliyopita aliingia mama mmoja, kanga imepinda, macho mekundu. Akasema anamuuguza baba yake, yeye mwenyewe hawezi kukaa, amepita tu kuuliza.

"Nyumbani umemwacha na nani?" Masafa aliuliza.

"Na mdogo wangu. Lakini hajui kitu, lazima niwahi."

Masafa akamvutia kiti. "Anajua kumpa maji?"

"Anajua."

"Basi kaa, mama. Karani, andika jina lake."

Yule mama akaketi. Karani akafungua ukurasa mpya, akaanza kuandika kwa mkono wa kushoto, taratibu, herufi kubwa zinazosomeka.