Mkono Niliouacha kwenye Ndengu

Akina mama, haya, nimesimama. Mnajua sipendi kipaza sauti, na mwenyekiti wenu amenisumbua tangu mwaka jana nitoe ushuhuda. Leo nitasema. Nikilia mnivumilie, msianze kuniimbia.

Naitwa Nduku. Mimi ni daktari hapa mjini Wote, na kabla ya haya kunipata kazi yangu ilikuwa thieta. Baadhi yenu hapa niliwapasua mimi, na watoto wenu niliwapokea kwa mikono yangu. Kabla ya kunawa nilimshika mgonjwa mkono, tukaomba kwa ufupi. Kisha pale sinki, nikisugua vidole, niliendelea kumtajia Mungu jina lake. Hata akina mama wa Kiislamu waliniambia, "Omba yako daktari, na mimi naomba yangu." Tulikuwa madaktari wanawake watatu, na kila Jumatano asubuhi tulikutana kwenye chumba cha chai, tukaomba tumeshikana mikono huku chai inapoa. Huo ndio uliokuwa Ukristo wangu, haukuwa na makelele.

Mwaitu, yaani mama yangu, anaishi nje kidogo ya Tseikuru. Msimu ule ndengu zilikubali sana, akanipigia simu: "Nduku, njoo unisaidie, vibarua wamekosekana." Nilikuwa na wikendi ya mapumziko, nikaenda. Ndengu zilikuwa zimeng'olewa na kuachwa shambani zikauke, fungu hapa, fungu pale. Nikaingiza mkono wa kulia chini ya fungu nilibebe, nikasikia kitu kimenichoma kama moto. Kuinua fungu, namwona kifutu, mfupi, mnene, amelala tu kama hana habari.

"Aiya! Mwaitu, nimeumwa na nyoka!"

Mama alikuja mbio akivua kitambaa cha kichwa anifunge nacho mkono. Nikamfokea, "Usifunge! Tafuta gari!" Hassan, mwenye duka pale sokoni, akaleta Probox yake. Njia nzima yeye alimwita Mola wake, mimi nikamwita Yesu, na mama kiti cha nyuma analia kwa Kikamba. Kituo cha kwanza hakikuwa na dawa ya sumu ya nyoka. Cha pili pia hakikuwa nayo. Kufika mahali tulipoipata, mkono ulikuwa umefura hadi begani, ngozi imejaa malengelenge ya damu, na fizi zangu zinavuja.

Dawa iliniokoa maisha, lakini mkono haikuuwahi. Nikaletwa hospitali yetu hapa. Vidole vikawa vyeusi kimoja baada ya kingine, halafu kiganja, halafu kukaanza kunuka. Harufu ile niliijua. Nilishawaeleza watu wengi maana yake.

Alhamisi akaingia Daktari Mwikali, mmoja wa wale wenzangu wa Jumatano. Akavuta kiti, akakaa, akafungua faili langu, akalifunga tena.

"Sema tu," nikamwambia.

"Nduku, tukate leo. Homa inapanda. Huu uozo ukiingia kwenye damu, nitakupoteza."

"Utakatia wapi?"

"Kifundo cha mkono."

Mama alikuwa amesimama pale pembeni ya kitanda. Yeye na akina mama wa kanisa lake walikuwa wamefunga, hawali, mpaka Jumapili. "Mpeni Mungu mpaka Jumapili," akasema. "Nduku, wewe umeokoka. Huwezi kungoja siku hizo chache tu?"

Familia ngapi zimeniambia maneno hayo hayo, nami nikiwa na mikono yangu yote mifukoni, nawajibu haraka haraka? Siku hiyo ilikuwa zamu yangu. Woi, akina mama, nilitaka kungoja! Nilitaka kuliko mama mwenyewe. Mkono ule ndio niliokuwa nimempa Mungu, sikuwa na kingine cha maana cha kumpa. Lakini baridi ilikuwa inanitetemesha mpaka meno yanagongana, na nikajua Jumapili sitaiona. Nikasema, "Mwikali, kata." Akanishika mkono wa kushoto, akaomba. Mama akatoka nje.

Nikapona. Kupona kwenyewe kulikuwa kujifunza kufunga vifungo, kujiosha, kuandika kwa kushoto kama mtoto wa nasari. Vidole ambavyo havipo viliniwasha, na hakuna pa kujikuna. Thieta sikurudi. Siku niliyoenda kutoa viatu vyangu kwenye kabati la kule, nilikaa sakafuni nikalia mpaka mama wa usafi akanifungia mlango nilie vizuri. Sasa naona wagonjwa wa kliniki, basi.

Lakini mama ndiye aliyeniumiza zaidi. Alikuja kukaa kwangu, akaniosha, akanilisha, ila habari ya mkono hakuitaja hata mara moja. Kanisani mchungaji akisema tushikane mikono, mama alihamia kushoto kwangu. Upande wa kulia watu walihangaika, huyu anashika kiwiko, yule sweta, mwingine anafumba macho tu. Nikaamini mama ananiona mtu asiye na imani. Jambo hilo lilinila ndani karibu mwaka mzima.

Msimu mwingine nikaenda kwake. Shamba lote alikuwa amepanda mtama.

"Mwaitu, ndengu ziko wapi?"

Akang'oa gugu moja, akalitupa. Halafu akasema, "Unadhani nilikukasirikia. Nduku, ni mimi nilikupigia simu. Zilikuwa ndengu zangu. Nilitaka Mungu aurudishe huo mkono kabla hujauangalia ukakumbuka ni nani alikuita."

"Sijawahi kuwaza hivyo, Mwaitu."

"Mimi nawaza kila siku."

Akazunguka, akaja upande wangu wa kulia, akashika pale mkono unapoishia kwa mikono yake miwili. Hatukuomba. Tulilia tu, kila mtu na lake.

Basi, mkiumwa na nyoka msichanje, msifunge kamba, msingoje. Ombeni mkiwa ndani ya gari. Namshukuru Hassan, namshukuru Mwikali, na Mungu namshukuru kwa uhai huu, ingawa kuna siku namwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, na bado tunaongea.

Sasa simameni tuombe. Tushikane mikono. Na wewe dada uliye kulia kwangu, usitafute kiwiko. Shika hapa.