Mpangaji wa Chini

Mama Pindo alikuwa na imani moja kuhusu binadamu, na hakuna aliyewahi kumtoa katika imani hiyo: binadamu wote ni wafupi. Suruali ndizo ndefu. Mahali fulani kuna kiwanda, alisema, ambako twiga huenda kupimwa miguu, kisha nguo zao huuziwa watu. Watu huzinunua, huziona zimejikunja vifundoni kama kinanda cha mkono, halafu huteremka kwake wamezishika kiunoni, wamenuna kama waliosingiziwa. Yeye hupiga goti, hubana pini mdomoni, hupiga chaki, hukata, hupinda. Ndiyo maana watu walimwita Mama Pindo, ingawa mwanawe wa kwanza ana jina zuri tu, na hajafurahishwa na hilo mpaka leo.

Kazi hiyo aliifanyia chini ya ngazi za umeme, katika jumba la maduka ambalo mji mzima uliliita Jumba, kana kwamba majengo mengine yote ni vibanda vya kuku.

Jumba lilipofunguliwa, watu walishikwa na homa. Walikuja kwa mabasi kutoka miji ya jirani, wamevaa nguo za kwenda kwa wakwe, si kwa sababu ya kununua kitu, bali kupigwa na ubaridi wa mashine na kupandishwa na ngazi inayotembea yenyewe. Ngazi ilikuwa ya kupandia tu. Ya kushukia ingekuja awamu ya pili. Awamu ya pili haikuja, kama ilivyo desturi ya awamu za pili, kwa hiyo watu walipanda kama wafalme na kushuka kwa magoti yao wenyewe. Chini ya ngazi hiyo mchoraji wa jengo alikuwa amesahau kipembe cha nafasi. Mwenye jengo, ambaye hakupenda nafasi ikae bure, akakipangisha kwa watu wawili: Mama Pindo upande ulioinuka, na fundi viatu upande ulioinama, kwa hoja kwamba fundi viatu amezoea kuinama.

Enzi hizo Mama Pindo alikula chakula cha mchana kwa mkono mmoja, mwingine ukizungusha gurudumu la cherehani. Wateja walimpangia foleni mpaka kwenye mlango wa supamaketi. Fundi viatu alikuwa akilalamika kwamba wanamkanyaga, kisha anawatazama viatu na kuwasamehe.

Halafu Jumba likaanza kufa. Lilikufa kama mtu mwenye kiburi: kidogo kidogo, na huku likikana. Supamaketi iliondoka ya kwanza, ikabandika mlangoni kwamba inarudi hivi karibuni. Duka la vitanda likafuata, na lenyewe likasema linakuja na jambo jipya. Jumba jingine lilikuwa limejengwa kando ya barabara kuu, lenye ngazi za kupandia na za kushukia, na binadamu akishaonja kushuka bila kutumia magoti, harudi nyuma. Kila meneja mpya aliyeletwa kuliponya Jumba alikuja na dawa ileile: rangi. Nguzo zikapakwa buluu, zikapakwa chungwa, mwisho zikapakwa rangi ya maziwa yaliyochacha. Meneja mmoja alibadilisha jina. Mwingine alileta kikaragosi cha kuwachekesha watoto, na kwa kuwa watoto hawakuwepo, kikaragosi kilikaa na Mama Pindo kikimweleza matatizo ya nyumbani kwake. Spika za darini zilipiga wimbo mmoja tu, kwa sababu hakuna aliyejua swichi iko wapi. Mwimbaji alimwacha mpenzi wake asubuhi, adhuhuri na jioni, mwaka baada ya mwaka, na Mama Pindo alianza kumwonea huruma huyo mpenzi, kisha akaanza kuwachukia wote wawili.

Ngazi ikagoma. Fundi viatu akahamia kwa bintiye. Wakabaki njiwa, Mama Pindo na mlinzi wa mlangoni, aliyemwita Mama Pindo shemeji kwa sababu mkewe aliwahi kushonewa naye gauni la harusi, na yeye aliuhesabu huo kuwa undugu. Wateja wachache waliomjua waliendelea kuja. Kwa binadamu mfupi hata jumba lililokufa lina maana.

Siku moja wenye jengo wapya walinunua Jumba na kutangaza kwamba wanalihuisha. Mlinzi akaja akiwa na redio yake ya kuitana, uso umejaa habari.

"Shemeji, vaa viatu. Unaitwa juu."

"Na nani?"

"Wakubwa. Wamesema mpangaji wa chini akifika, apandishwe chumba cha mkutano. Nikasema, amefika zamani, hajaondoka."

"Wanataka nini?"

"Mkutano wa wapangaji. Mimi nijue nini? Mimi nalinda mlango."

Hapo ndipo lugha yetu ilipomchezea Mama Pindo shere. Anayelipa kodi ya chumba ni mpangaji, na anayeamua chumba kikae wapi naye ni mpangaji. Lugha haikuona haja ya kuwatenganisha, kwa kuwa haikutarajia hata siku moja kwamba watakaa meza moja.

Akapanda. Chumbani alikuta watu wenye kompyuta na chupa za maji, wamezunguka kijumba cha mfano kilichotengenezwa kwa karatasi nyeupe. Humo mlikuwa na watu wadogo wa plastiki, na Mama Pindo aliona mara moja kwamba suruali za wote zimewakaa sawasawa, jambo lililomfanya autilie shaka mradi mzima.

"Karibu, mwenzetu," alisema mwenyekiti, mwanamume aliyepandisha miwani utosini kana kwamba macho yake yako huko. "Unatoka upande gani?"

"Chini. Mimi ndiye mpangaji wa chini."

Chumba kikashusha pumzi.

"Afadhali. Ghorofa zote zina watu wake, lakini chini tulikuwa hatuna mtu. Tumekukosa sana."

Mama Pindo akaguswa. Tangu aanze kupanga, hakuna mwenye jengo aliyewahi kumwambia amekosekana.

"Umepanga kwa muda mrefu?" aliuliza mwanamke kijana aliyekuwa akiandika kila kitu kwenye kompyuta.

"Tangu Jumba lifunguliwe. Sijawahi kupanga kwingine."

"Peke yako?"

"Mwanzo nilipanga na fundi viatu."

Wakatazamana. "Ushirikishwaji wa jamii," mwandishi alisema kwa sauti ya chini, yenye heshima, akaandika.

Mama Pindo alikikagua kile kijumba, akitafuta kipembe chake. Ngazi haikuwepo. Kila kitu kilikuwa cheupe.

"Mimi niko wapi hapa?"

Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa hisia. "Hilo ndilo swali. Sisi sote, tuko wapi humu?" Kisha, kama wafanyavyo watu waliosifu swali, hakulijibu. "Tumalize. Wengine wanataka ghorofa ya chini ifungwe, wengine wanataka ibaki wazi. Mpangaji wa chini, kauli yako ndiyo itakayoamua."

Mama Pindo aliinua mkono juu kabisa, ili wasije wakasema hawakuuona. "Ibaki wazi. Wazi kila siku. Ikifungwa, mimi nitakula wapi?"

"Mnaona," mwenyekiti aliwaambia wenzake. "Mpaka mahali pa kula ameshapafikiria."

Wakampigia makofi. Alishuka akiwa na chupa ya maji ya bure na moyo mweupe.

Haukupita muda mlinzi akarudi na redio yake. Safari hii uso haukuwa na habari, ulikuwa na msiba.

"Shemeji, wanasema chini patolewe vitu vyote. Patachimbwa kidimbwi cha samaki."

"Wamekosea. Mimi mwenyewe nilikuwepo. Tumekubaliana pabaki wazi."

"Ndiyo. Wazi."

"Basi?"

"Sasa wewe ukiwepo, shemeji, patakuwaje wazi?"

Mama Pindo alilitazama neno hilo kama anavyotazama mshono wa fundi mwingine. Lilikuwa limeshonwa pande mbili, na yeye alikuwa ameliona upande mmoja.

Jioni alimweleza mumewe, dereva wa lori mstaafu, ambaye tangu astaafu alikuwa akiliendesha kochi la sebuleni na kumwelekeza kila apitaye.

"Uliinua mkono?"

"Niliinua."

"Mmoja au yote miwili?"

"Kuna tofauti gani?"

"Kuinua mmoja ni kukubali. Kuinua yote miwili ni kujisalimisha. Wewe umeinua mmoja ukapata matokeo ya miwili."

"Asante, baba watoto. Umenisaidia sana."

"Mkono ndio uliokuponza, sasa tumia mguu. Toka huko, uje tukae nyumbani tuzungumze. Mchana kutwa. Nina mambo mengi ya kukueleza kuhusu barabara."

Mama Pindo alimtazama. Alimwona asubuhi, akamwona adhuhuri, akamwona saa tisa alasiri akieleza kona za mlimani. Hapo ndipo alipoelewa kwamba kipembe kile hakikuwa mahali pa kazi tu. Ndoa yake yote ilikuwa imeegemea hapo. Walipendana vizuri kwa sababu yeye alikuwa haonekani mpaka jioni.

Kesho yake alimwambia mlinzi, "Shika cherehani upande ule."

"Tunaipeleka wapi?"

"Ulipewa amri ya kunipandisha. Imefutwa?"

Mlinzi alifikiri kwa uaminifu wote wa kazi yake. "Nina amri mbili. Mpangaji wa chini atoke, na mpangaji wa chini apandishwe juu. Ukinipa cherehani, zote mbili zinatimia."

Walilibeba dude hilo la chuma, kanyagio na vyote, kupitia ngazi iliyokufa, wakapumzika kila baada ya hatua chache na kuwalaani kwa zamu wachoraji, mameneja na yule mwimbaji wa darini. Mama Pindo alilisimamisha mwisho wa meza ya mkutano, akakaa, akatia mguu.

"Mtiririko wa watu," mwenyekiti alikuwa akisema, "ukianzia mlango mkubwa..."

Tatatatata, ikasema cherehani.

"Mwenzetu, ungesubiri kidogo?"

"Nasubiri pindo la pili. Endeleeni, hamnisumbui."

Kufikia mchana mlinzi alikuwa amewapandisha wateja. Mmoja alivua suruali yake nyuma ya pazia la kuonyeshea picha, akasubiri huko, na kivuli cha miguu yake myembamba kikasimama katikati ya picha ya kidimbwi, kikijikuna. Mpangaji mmoja alisema hawezi kufanya kazi hivi. Mwingine alimuuliza Mama Pindo kama anaweka pia zipu, akatazamwa vibaya na wenzake. Siku iliyofuata ilikuwa vivyo hivyo, na iliyofuata ikawa mbaya zaidi, kwa sababu Mama Pindo alileta pasi, na pasi ikakata umeme wa kompyuta zote.

Mwenyekiti akateremsha miwani machoni, labda kwa mara ya kwanza. "Mama yangu, hebu tuelewane. Wewe ni mpangaji wa namna gani?"

"Wa kulipa kodi. Kuna namna nyingine?"

Mwandishi alirudi nyuma kwenye kompyuta yake, akasoma, akafika kwa fundi viatu, akafunika uso.

"Kwa hiyo hukuwa mwenzetu," mwenyekiti alisema.

"Nyinyi ndio mlioniita mwenzenu. Mimi nilikuja na njaa yangu."

"Kauli yako imeshafika kwa wenye jengo. Wamefurahi sana. Wamewaambia watu kwamba wapangaji wote wameafiki."

"Waambieni mmekosea."

Wakatazamana tena, safari hii bila heshima yoyote. Kwenda kwa wenye jengo na kusema kwamba kauli iliyoamua ghorofa nzima ilitolewa na mpinda suruali, tena akiwa amedhani anaulizwa saa za kufungua duka, ilikuwa aibu ndefu kuliko vazi lolote alilowahi kupunguza Mama Pindo. Walinong'ona. Walibishana kuhusu samaki. Mwishowe mwenyekiti alirudi na uso wa mtu aliyemeza pini.

"Tutafanya hivi. Kidimbwi kitasogea. Wewe utarudi palepale pako. Lakini kwenye michoro pataendelea kuwa wazi. Upo, ila hupo. Umenielewa?"

"Nitakuwa nafanya kazi?"

"Utakuwa unafanya."

"Mchana kutwa?"

"Mchana kutwa, mama, tafadhali, lakini huko chini."

Hakuinua mkono wala hakusema ndiyo. Alitoa uzi kwenye sindano, akakunja kitambaa chake. "Basi nibebeeni," alisema, na wapangaji wakalibeba lile dude la chuma hadi chini, wenye digrii wote wanne, huku mlinzi akitangulia kuwaonyesha ngazi.

Jumba sasa ni jipya. Juu wanaishi watu, katikati kuna mashine za mazoezi ambazo watu hukimbia juu yake bila kwenda popote, na ngazi za umeme zinapanda na kushuka. Nguzo zimepakwa rangi ambayo wenyewe wanasema ina jina. Mama Pindo yuko chini, kando ya kidimbwi, na hana raha. Unyevu unatia sindano zake kutu. Na mlangoni kuna ramani kubwa ya Jumba, yenye kila duka na kila choo, ambapo kipembe chake ni doa jeupe lenye maandishi: Eneo Wazi.

Watu wanasoma siku hizi, hilo ndilo tatizo. Wanaegesha vigari vya kusukumia watoto hapo. Wanatandika mikeka ya mazoezi. Juzi kijana mmoja aliketi kwenye meza ya pasi na kahawa yake, akatafuta habari kwenye simu, kisha akainua macho na kumwona mwanamke mwenye pini mdomoni akimkodolea.

"Samahani," alisema kwa adabu kabisa. "Kuna mtu hapa?"

Mama Pindo akatema pini moja baada ya nyingine kiganjani, taratibu, ili aseme vizuri.

"Kwani hapo unaongea na samaki?"