Unene wa Bosi

Kule Kitanga, mbwa akifikisha miaka sita watu husema huyo amekula chumvi. Bosi, mbwa wa mzee Nkunzimana, alikuwa na miaka tisa, na chanjo ya kichaa hakuikosa hata mwaka mmoja. Wenzake walipuliziwa dawa ya ng'ombe kwa bomba. Yeye alitolewa kupe kwa vidole, mmoja mmoja, kila Jumapili baada ya misa. Alikuwa na kila kitu mbwa yule, unene ukiwemo.

Mwezi wa tano alianza kuhema ovyo. Akipanda kilima cha kisimani, anajilaza njiani. Mzee akamfunga kamba wakaenda kwenye ghala la maharage, ambako Yasmini, afisa mifugo kutoka Kasulu mjini, alikuwa akichanja mbuzi. Bosi akapimwa kwenye mizani ya magunia. Kilo ishirini na tisa.

"Mzee wangu, apungue kilo nane," alisema Yasmini. "Ale mara moja kwa siku, na umtembeze. Akibaki hivi, sidhani kama mtavuna naye maharage ya mwakani."

Maneno hayo yalimkata maini. Bosi aliletwa na marehemu mkewe, Esperance, akiwa kitoto cha kubebwa kwenye kapu. Tangu mama huyo azikwe mwaka juzi, aliyebaki kumpokea mzee akitoka shambani ni mbwa tu. Nkunzimana aliogopa, na hakuona haya kuogopa.

Basi akaanza kutembea naye asubuhi na jioni, akampa chakula mara moja. Halafu akawageukia majirani, maana kwa Waha huli huku mtu amesimama mlangoni anakutazama, na Bosi alikuwa bingwa wa kusimama mlangoni. Kumwomba mtu asitoe chakula ni aibu kuliko kuomba chakula chenyewe. Alikwenda hata hivyo, nyumba kwa nyumba, kofia mkononi.

"Baba, aje mlangoni nimnyime?" aliuliza Chantal, jirani wa karibu. "Si mtanisema?"

"Mnyime, mama. Nitasemwa mimi."

Wakamnyima. Mwezi ukapita, mzee na Bosi wakarudi kwa Yasmini kwenye mizani: ishirini na tisa na nusu. Mzee alikasirika akamshutumu Chantal mbele ya watu, na Chantal akaapa kwa jina la mamaye kwamba hajampa hata ukoko. Yasmini hakubishana na yeyote. Alisema angependa kuona mbwa huyo anavyokula.

Alifika jioni, mzee akisonga ugali wa muhogo. Akachungulia sufuria.

"Una mgeni leo, mzee?"

"Sina."

"Na ugali huu wote?"

"Nusu yangu, nusu ya Bosi. Mara moja kwa siku, kama ulivyosema."

"Nani alikufundisha kipimo hiki?"

Nkunzimana akautua mwiko. Hakuwahi kupika maisha yake yote hadi alipofiwa. Alipika kama alivyomwona mkewe akipika: sufuria ile ile, bakuli mbili za unga.

"Bakuli ya pili ni fungu lake," alisema taratibu. "La Esperance."

Yasmini akamwambia pole, akaondoka bila kumpa masharti mengine. Yalikuwa hayahitajiki.

Kesho yake mzee alimwomba Chantal radhi. Jioni akapima bakuli moja. Maji yakazidi, ugali ukawa laini kama wa mgonjwa, akaula hivyo hivyo, akampa Bosi tonge kiasi cha ngumi na dagaa wachache wasio na chumvi. Bosi alimaliza mara moja, akakaa akiitazama sufuria.

"Umekwisha," Nkunzimana alimwambia. "Mama hayupo, Bosi. Amekufa."

Tangu siku ya mazishi hakuwa ameyatamka maneno hayo kwa mtu yeyote.