Mshale Kwenye Kuni

Ule mti niliubeba mimi. Nasema mapema ili mtu asije akanong'ona nyuma ya nyumba kana kwamba ni siri. Niliuokota msituni siku ya Jumanne, nikaukatakata, nikaufunga, nikaubeba mgongoni hadi kwangu Ndabibi, nikaupikia githeri, mahindi na maharagwe. Githeri ikaiva vizuri. Ilinuka rangi kidogo, lakini tuliila yote.

Juu ya mashamba yetu kuna mlima, na mlima wote ni msitu wa hifadhi. Sisi akina mama wa huku chini tuna leseni ya kuokota kuni humo siku mbili kwa wiki, Jumanne na Jumamosi. Hakuna shoka, hakuna msumeno, panga tu la kupunguzia matawi. Unaokota kilichokauka na kuanguka chenyewe, mzigo mmoja, unatoka. Askari wa msitu anakungoja getini, anaukagua mzigo kijiti kwa kijiti, na akikuta jani bichi siku hiyo utarudi nyumbani mikono mitupu. Nimeishi hivyo zaidi ya miaka ishirini. Nilikuwa mwalimu wa nasari: watoto wakienda nyumbani saa sita, saa saba niko mlimani na gambuti zangu.

Halafu wakaja watu wa kutembea. Sijui niwaite vipi. Wanatoka Nakuru mjini, wengine wanaonekana ni wa Milimani kabisa, kwa matajiri, wanakuja na fimbo mbili mbili kama watu wenye miguu minne, wanapanda mlima, wanashuka, na hawajabeba kitu. Mara ya kwanza nilidhani wamepoteza ng'ombe. Vijana wetu waliokuwa wakishinda wamekaa kwenye maduka wakaunda kikundi cha kuwaongoza, na hilo nililifurahia, sitasema uongo. Mwenyekiti wao nilimfundisha mimi kushika penseli. Mpaka leo ananiita mwalimu.

Basi hao vijana wakaamua kuweka alama ili wageni wajue njia. Wakanunua rangi nyekundu, wakachora mishale kwenye miti. Wazo zuri. Lakini pale juu, njia inapogawanyika mbili, waliona mtarakwa mkavu uliosimama, hauna gome, mweupe kama ubao wa darasani, wakaona hapo ndipo mshale utang'aa. Wakauchora mkubwa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mti mkavu unangoja nini. Upepo wa wiki moja tu ukaulaza chini, na mimi nikaukuta umelala kwenye majani, mshale unaelekeza mbinguni.

Kwa sheria ya leseni yangu ulikuwa mkavu na ulianguka wenyewe. Nani anaandika maelekezo kwenye kuni?

Jumamosi wageni wakafika kwenye hiyo njia panda, hakuna mshale. Wakashika kushoto. Kushoto ni kwenye korongo la mvuke, pale ardhi inapotoa moshi wa moto kwenye matundu. Nyumbani tunauheshimu huo mvuke, tunaupitisha kwenye bomba ukipoa unatupa maji ya kunywa, lakini kule korongoni hatupiti. Udongo wa huko ni ganda tu, chini kuna shimo. Mungu ni mwema, hakuna aliyetumbukia. Mama mmoja aliteguka mguu, wakazunguka na kuzunguka, wakatokea alasiri upande wa pili wa mlima kwenye shamba la viazi la mtu, wamechanika suruali na wana hasira. Sisi wa kuni tulikuwa tumeshatoka zamani.

Jumatatu tukaitwa baraza pale getini. Mwenyekiti akasimama, kofia mkononi, akasema akina mama wa kuni wanaharibu alama, mtu karibu afe, na kamati yao ya njia inaomba leseni ya kuni isimamishwe. Isimamishwe! Alisema kwa upole, kama mtu anayekuambia mvua itanyesha.

Nikawatazama wenzangu. Wote macho chini, kila mmoja anachezea ukanda wake wa kubebea mzigo. Mimi nina mtungi wa gesi, wa kuchemshia chai mgeni akija. Maharagwe na mahindi makavu ukiyapikia gesi, utakula mtungi. Na jirani yangu hata huo mtungi hana, ana wajukuu watano na mafiga matatu. Tukifungiwa msitu, moto wake unazimika wiki hiyo hiyo. Alinifinya mkono akaniambia, "Nyamaza tu, watasahau."

Mimi mdomo wangu hauna breki. Nikasimama.

"Huo mti niliuchukua mimi," nikasema. "Ulikuwa chini, mkavu. Askari aliuona getini na mshale wake akauruhusu. Si uliuona, boss?"

Askari akakohoa. "Niliuona."

"Mwalimu," mwenyekiti akasema, "lakini ulijua ni alama."

"Nilijua ni kuni. Alama inachorwa kwenye kitu kinachoishi. Na mshale wenyewe ulikuwa umepinda. Ungeniletea huo kwenye daftari ningekurudisha uanze tena."

Watu wakacheka, na yeye akacheka kidogo, lakini mimi sikuwa nacheka. Nikamwambia, "Sisi tunapita huko miaka yote na hakuna aliyepotea. Unataka kujua kwa nini? Vaa viatu twende. Wewe na askari."

Tukaenda saa hiyo hiyo. Nikawaonyesha njia yetu, ambayo walikuwa wakiivuka kila siku bila kuiona. Mzigo wa kuni hubebwa umelala kwa upana mgongoni, ukanda kwenye paji la uso, kwa hivyo njia yetu haiko chini tu, iko pia juu. Tazama mabegani: kila tawi limekatwa kwa upana wa mzigo, kushoto na kulia. Ukiona matawi yanakugusa, umetoka njiani, rudi. Nikawaonyesha na kingo tunazopumzikia. Mzigo ukiushusha chini kabisa, huwezi kuinuka nao peke yako, kwa hivyo tunatafuta ukingo wa udongo unaofika kiunoni, unaegemeza mzigo bila kuuvua. Ziko saba kutoka juu hadi getini. Zimelainika kwa migongo yetu na ya mama zetu. Mwenyekiti akaegemea mojawapo, kisha akatoa simu, akawa anarekodi njia yote hadi chini. Pale korongo la mvuke linapoanza, njia yetu inapinda na kulikwepa mbali. Askari akasema, "Kumbe." Nilishuka ule mlima kichwa juu, nikijua tumeshinda.

Baada ya wiki mbili kamati ikaleta uamuzi. Njia ya wageni itahamishwa ipite kwenye njia yetu, kwa usalama. Leseni ya kuni itaendelea, lakini siku ya Jumanne peke yake. Jumamosi ni ya wageni. Nikauliza kwani mlima ni mdogo? Nikajibiwa, tena na mtoto niliyemfuta kamasi, kwamba wageni wanapenda kupiga picha msitu ukiwa safi.

Safi! Ati sisi ni uchafu. Matawi tumekata sisi, kingo tumelainisha sisi, na sasa tukionekana tunaharibu picha. Siku ile nilichemka kuliko hayo matundu ya mlimani. Mzigo mmoja kwa wiki haufiki Ijumaa, kila mama anajua. Na wenzangu wakasema tushukuru, angalau tumeachiwa Jumanne.

Jumamosi nikaenda. Peke yangu, na ukanda wangu na leseni yangu.

"Mathe, si mliambiwa?" askari akauliza.

"Niliambiwa. Hii karatasi haijaambiwa. Soma."

Akasoma. Jumanne na Jumamosi, na muhuri juu yake. Akakuna shingo, akageuka kutazama barabara ya Naivasha kana kwamba kuna lori analolingoja. Nikapita.

Niliokota mzigo mzuri, wa makusudi, mpana. Saa nne hivi nilikuwa nashuka, nimefika pale njia inapobanwa, upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine bonde dogo lililojaa upupu. Nikasikia sauti zinapanda. Wageni, watu kama ishirini, kwenye mstari, na mbele yao mwenyekiti na kofia yake.

Akaniona. Uso ukambadilika.

"Mathe," akasema. Si mwalimu, mathe, kama mama yeyote wa kukutana naye stendi. "Tafadhali simama kando wageni wapite."

"Kando wapi?"

Akatazama mwamba. Akatazama upupu. Mimi nilikuwa nimeinama na mzigo wangu, ukanda unanikata paji, shingo inawaka. Katika njia yetu mwenye mzigo hapishi. Asiye na mzigo ndiye anayetoka, hata awe chifu, hata awe padri, kwa sababu mwenye mzigo akiteleza hainuki. Hakuna aliyewahi kuandika hilo mahali popote, na hakuna mtoto wa huku asiyelijua.

"Wewe unajua," nikamwambia. "Sitaki kukukumbusha mbele ya watu."

Tukatazamana. Mgeni mmoja nyuma akauliza kuna nini. Mwingine akainua simu anipige picha, nikamwambia aishushe, akaishusha. Nikaapa moyoni kwamba nitaanguka hapo hapo kabla sijasogea hata hatua moja.

Mwenyekiti akavuta soksi zake juu. Akaingia kwenye upupu. Kisha, bila kunitazama, akawaita wageni, "Mpisheni njia, jamani, ana mzigo." Wakaingia mmoja baada ya mwingine, wanaruka, wanalia woi, wanajikuna mapaja. Mama mmoja aliniuliza kama ni mzito. Nikamwambia ni mzito sana. Nikapita katikati yao taratibu, na sikusema samahani kwa mtu yeyote.

Habari za mlimani hazilali. Jumamosi iliyofuata nilipofika getini asubuhi, nilikuta akina mama wote wa kuni wamesimama kwenye foleni. Wa mbele kabisa alikuwa mama aliyemzaa mwenyekiti, ambaye kwenye baraza hakufungua mdomo. Alikuwa ameinua leseni yake karibu na pua ya askari, na kidole chake kilikuwa kwenye neno Jumamosi.

Askari akafungua geti.